Samaki wa Nyumba ya Juu

...na sasa wote tumenyamaza tunamsubiri hakimu aandike, maana hapa mashine ya kunasa sauti ipo lakini mbovu, imefunikwa kitambaa pale pembeni tangu kesi ilipoanza, kila neno lazima lipite kwenye kalamu ya mzee huyu, wakili akiuliza anaambiwa ngoja, shahidi akijibu anaambiwa ngoja, na swali nililoulizwa mimi ni refu, "Mama, ni kweli au si kweli kwamba kila mwaka, mwanzoni mwa msimu, mama yako mzazi alikuwa anapeleka samaki nyumbani kwa baba wa mdai? Ndiyo au hapana," na hakimu hajafika hata nusu yake, ameinua kidole cha mkono wa kushoto, ngoja, mama, niandike, kidole hicho ndicho kinachonizuia, kikishuka tu natakiwa niseme, na mikono yangu, jamani, mikono niiweke wapi, kizimba chenyewe kinanifika kifuani, ubao wake umelainika pale walipopashika mashahidi wote walionitangulia, nami nimepashika hapohapo, vidole vya kusuka migono ya samaki, vimejaa makovu ya fito... Ndiyo au hapana. Neno moja. Nimepiga kelele sokoni miaka thelathini, nimewatolea uvivu wachuuzi wa kila namna, leo neno moja linanishinda.

Mdogo wangu kakaa benchi la pili, Mwenyekiti, tangu wachague uongozi wa kikundi cha wavuvi hata mkewe anamwita hivyo, mwenyekiti chakula tayari, naye anatikisa kichwa, kidogokidogo ili askari wa mlangoni asimwone, kulia kushoto, kulia kushoto, hapana, dada, sema hapana... Asubuhi kwenye ngazi alinishika kiwiko akanivuta pembeni, "Dada, wakikuuliza habari za samaki wa nyumba ya juu, hukumbuki, umenielewa? Ulikuwa mtoto, hukumbuki," nikamwambia mbona nakumbuka vizuri sana, nilikuwa na miaka minane na kapu nililibeba mimi, wewe ndiye uliyekuwa mgongoni kwa mama umelala na makamasi yako, akasema, "Dada, leo siyo siku ya kukumbuka," akakaza tai yake, tai ya kuazima, imemkaba hadi mishipa ya shingo imemsimama, nikataka kucheka nikaona ana machozi. Ana machozi Mwenyekiti! Mtu aliyekaa miezi kumi na nne akikimbia na mafaili chini ya kwapa, kwa karani, kwa mpima ardhi, kwa wakili, rudi kesho, njoo wiki ijayo, hakimu yuko likizo, na hajawahi kulalamika, leo anaogopa samaki wa miaka ile. Nikamwambia sawa, nimesikia. Sikumwambia nitafanya. Nimesikia tu.

Hakimu ameandika "mama yako", naona midomo yake inayafuata maneno, bado "mzazi", bado "alikuwa", ana mwandiko wa taratibu mzee huyu, na Suti ya Kijivu, wakili wao, amesimama ameweka mkono kiunoni, anatabasamu kidogo, haniangalii mimi, anaangalia dirisha, anajua ameshanipata, nikisema ndiyo amenipata, nikisema hapana ataniita mwongo maana mteja wake alishaapa jana mahali hapahapa nilipo, akasema kwa sauti nzito, "Mheshimiwa, hawa watu walituletea samaki kila mwaka, ilikuwa kodi yao, baba alikuwa anawaruhusu tu." Kodi. Neno hilo lilinichoma, siyo kwa sababu ni uongo, ila kwa sababu nililijua, nimelibeba moyoni miaka arobaini na mitano bila kumwambia mtu, hata marehemu mume wangu... Bwana Mdogo mwenyewe huyo pale, anafuta miwani kwa ncha ya shati, kitambi kimemzidi, nywele zimebaki za pembeni, na bado tunamwita Bwana Mdogo, maana Bwana Mkubwa alikuwa baba yake na jina likishakukaa limekukaa. Baba alipokufa yeye akarudi kutoka alikokuwa na hati mkononi, hati ina ramani, ramani ina mstari mwekundu, na mstari unapita katikati ya mto, basi nusu ya mto ni yake. Siyo maji, anasema maji ni ya serikali, yeye hana haja na maji, anataka kilicho chini ya maji, mchanga na mawe na udongo, sakafu yenyewe. Ebo! Mtu anamiliki sakafu ya mto! Na mgono unakaa wapi kama siyo sakafuni, tuuning'inize hewani? Mgono si ndoana, mgono ni kapu refu lenye mdomo wa fito za ndani, samaki anaingia akijiona mjanja na kutoka hawezi, unaulaza chini kabisa, unaukandamiza na jiwe, na pale kilindini chini ya mawe meusi, mto unapojikunja na maji yanatulia, ndipo bibi alipolaza yake, na mama yake, na mimi yangu, na binti yangu tangu mwaka juzi, ana mkono mzuri, mdomo wa mgono wake unabana kuliko wangu nilipokuwa na umri wake, ingawa sijamwambia, asivimbe kichwa... halafu tunaamka siku moja tunakuta waya umevutwa kutoka gogo hadi gogo na kibao kinasema eneo binafsi, na wiki ileile lori likaja kuchota mchanga, mashine ikakoroga maji siku tisa, nikawa navuta mgono naona tope tupu, naukung'uta, tope, binti yangu kakaa juu ya jiwe ananiangalia, na hilo lilinikata maini kuliko lori. Mahakama ikaweka zuio, wachimbaji wakaondoka, kilindi kikaanza kusafika kidogokidogo, mwezi uliopita nimepata kambare wawili, wadogo lakini kambare. Leo tukishindwa, zuio linaondoka kabla ya jua kuzama na lori linarudi kesho, na kilindi kikishachimbwa hakijirudi, shimo linabomoka, mawe yanadidimia, samaki wanahama, binti yangu ataenda kufua nguo za watu. Hayo tu. Sina jingine ninaloligombania hapa.

"Nyumbani kwa..." anasema hakimu polepole, "nyumbani kwa baba wa mdai, ndivyo, wakili?" Ndivyo, mheshimiwa, anasema Suti ya Kijivu, na hakimu anarudi kwenye karatasi, mzee wa watu, hana ubaya, alikuja mwenyewe mtoni siku ile ya kutazama eneo, amekunja suruali hadi magotini, miguu myembamba hiyo, wakaja na mpima ardhi kutafuta katikati ya mto kwa kamba, mpima akauliza, "Katikati ya maji ya kiangazi au ya masika?" na mawakili wakaanza kubishana ndani ya maji, mmoja anasema ya kiangazi mwingine anasema ya masika, na mto wenyewe haukuwa na habari nao, mwaka wa gharika kubwa ulihamia upande huu hatua ishirini na mstari wa Bwana Mdogo sasa unapita kwenye shamba la viazi la mtu, tukacheka sana, hadi hakimu akateleza kwenye tope akakaa chini, tukaacha kucheka, halafu yeye mwenyewe akacheka. Nilimpenda siku ile. Nikasema huyu anaweza kuelewa. Lakini hakimu hana kazi ya kuelewa, ana kazi ya sheria, na sheria, kama alivyonieleza wakili wetu... yule binti, umri wa mwanangu wa pili, mwembamba, sauti ndogo, viatu vimeisha visigino, pale kwenye meza anaandika-andika na mimi najua haandiki chochote, anaficha hofu, anaona swali limenikwamia na hajui kwa nini, maana hatukumwambia. Kosa letu hilo. Alituuliza siku ya kwanza kabisa, ofisini kwake, chumba kimoja juu ya duka la rangi, harufu ya rangi inapanda hadi kichwani, akasema, "Mama, mahakama inaangalia jambo moja. Kama mlivua miaka yote hiyo kwa uwazi, bila kumwomba mtu, haki imeshakuwa yenu. Lakini kama mlivua kwa ruhusa yake, hata ingekuwa miaka mia, haki haijawa yenu, mlikuwa wageni tu. Sasa niambieni ukweli, kuna siku mliomba ruhusa? Mlilipa chochote?" nikamwangalia Mwenyekiti, Mwenyekiti akaniangalia, tukasema hapana, kwa pamoja, haraka, kama watoto waliovunja sahani. Na yeye akaandika hapana. Loo. Na njiani wakati wa kurudi nikamwuliza mdogo wangu, hivi sheria gani hii, asiyeomba anapewa na aliyeomba ananyimwa, mwenye adabu ndiye mjinga? Akasema, "Dada, usianze."

Ila nimeanza, mdogo wangu, nimeanza na siwezi kuacha, kwa sababu nimekula kiapo, na kwa sababu mama hakuwa mtu wa kuficha, akienda kwa mtu anaenda mchana kweupe na kapu kichwani... hapana, kapu kichwani lilikuwa langu, yeye alikuwa nawe mgongoni. Siku ya kwanza ya msimu, maji yakishasafika hata ukiona mawe ya chini, tunavuta migono asubuhi, na samaki wa siku ile hauzwi, haliwi nyumbani, anawekwa kapuni juu ya majani mabichi, na tunapanda. Kilima kile! Mgongo wangu wa miaka minane, maji ya samaki yananichuruzika shingoni hadi ndani ya gauni, na lango la nyumba ya juu, la chuma, limepakwa rangi ya kijani, na mbwa wao, mbwa gani yule, mkubwa kama ndama, anabweka hadi mnyororo unalia, na hatukuingia mbele, tulizunguka hadi mlango wa jikoni, mama anabisha hodi mara tatu, anatoka mpishi anasema wekeni hapo, hapo sakafuni, na Bwana Mkubwa anapita koridoni na gazeti haangalii, na Bwana Mdogo, kavaa viatu na soksi ndani ya nyumba yao, anatafuna muwa, anaruka-ruka kwenye ngazi na kupiga kelele, "Kodi imekuja! Kodi imekuja!" na mpishi anacheka. Hapo. Hapo ndipo nilipolichukua neno lile. Wakati wa kushuka nilikuwa nimenuna, mama akaniuliza una nini, nikasema sina kitu, na sikumwuliza kamwe, nilisema moyoni kumbe hivi ndivyo, kumbe sisi ni wapangaji hata wa maji, na kila mwaka nikapanda kilima kile nimeinamisha kichwa hadi Bwana Mkubwa alipofunga nyumba akahamia mjini, na nilipokua nikamwambia mdogo wangu kwa siri, tulikuwa tunalipa kodi, usimwambie mtu, naye akalibeba. Mwenyekiti amelibeba kutoka kwangu. Hakuona kitu, alikuwa amelala. Maskini, anatikisa kichwa kwa ajili ya kitu nilichomwambia mimi.

Kalamu imekata wino. Hakimu anaikung'uta, anaijaribu pembeni ya karatasi, anamwita karani, karani anapekua droo, watu wanaanza kunong'ona kwenye mabenchi, askari anasema kimya, na kule nyuma kabisa kuna kikohozi, kikavu, mara mbili, hicho kikohozi nakijua hata usingizini, mkunga, bibi wa watu amekula chumvi nyingi, kaletwa na mjukuu wake kwenye baiskeli ili tu aone kesi inaendaje, ndiye aliyenipokea mimi duniani na akampokea Mwenyekiti na akawapokea wanangu wote wanne, kakaa kashika fimbo yake, ananiangalia kwa jicho moja, la pili lina mtoto wa jicho, na ananiangalia kama anavyoniangalia siku zote, tangu nikiwa mlangoni kwake na kapu... ah-ah. Ngoja. Mlangoni kwake na kapu. Kapu lipi? "Leteni niangalie," anasema, anachagua mwenyewe, anaingiza mkono hadi kwenye kiwiko, "nataka kambare, perege ana miiba, nani ana muda wa miiba," na mama anacheka, "Chagua, mama, wewe ndiye wa kwanza." Wewe ndiye wa kwanza. Wa kwanza wa nini? Wa kapu. Kapu lile lile, majani yale yale, na wewe, Mwenyekiti, mgongoni, mkunga anakufinya shavu unaamka unalia. Siku ileile! Kivukoni kwa mkunga kwanza, halafu... halafu tunapita kwa mwenye mtumbwi, ambaye mama walikuwa hawasalimiani naye kwa sababu ya mbuzi, sijui mbuzi alikula nini, miaka mitatu hawasalimiani, na hata hivyo mama anatoboa samaki kwa ukindu kwenye shavu anamtundika kwenye nguzo ya mlango wake, hasemi hodi, tunaondoka, na nikigeuka namwona mwenye mtumbwi anachungulia, anamchukua upesi. Na yule mzee kipofu, mwenye redio, anamnusa samaki kwanza, ananusa kichwa anasema, "Mwaka huu maji yametoka mbali," sijui alijuaje. Na mwalimu, mwalimu mgeni, alikaa mwaka mmoja tu akahamishwa, amepanga chumba kimoja nyuma ya duka, hajui hata samaki anaanzia kupasuliwa wapi, mama akampasulia palepale barazani. Mwalimu aliyepanga! Hana ardhi hata ya kutandika mkeka, naye kapata samaki. Na wale mapacha walionuniana, ukuta mmoja milango miwili, samaki wawili, mama anahakikisha wanalingana, anawapima kwa shubiri, kwa sababu wangegombana. Na... wa mwisho kabla ya kilima, nani yule, palikuwa na mtu mwingine kabla ya kilima, nyumba ya udongo, mwanamke, hapana, sura haiji. Basi, haiji, wakiniuliza nitasema huyo simkumbuki, nitaitumia hapo "sikumbuki" ya Mwenyekiti, isipotee bure.

Na ndipo kilima. Ndipo kapu jepesi, samaki mmoja kabakia chini, na miguu imechoka, na mimi nikasema... nilisema! Kwenye njia panda, nakiona kijiwe nilichokalia, nikasema, "Mama, tuwaache hawa, hawa wako mbali, hawa si wa mto," na mama akasimama. Akakuweka sawa mgongoni, akasema, "Nyamaza kidogo. Sikiliza." Nikasikiliza. Mbwa, majani, kuku wa mtu. "Sikiliza chini ya hayo." Na nikausikia, mto, mbali sana, mdogo sana, unakwenda tu. "Unausikia?" Kidogo, mama. "Basi na wao wakilala wanausikia kidogo. Kila anayeusikia mto akiwa kitandani kwake ana samaki wake siku ya kwanza. Twende." Twende, akasema, na tukaenda, na dakika ile ile ya kufika mtoto akapiga kelele kodi imekuja, na neno lake likakaa juu ya neno la mama, likalifunika, miaka yote hii! Miaka arobaini na mitano nimeamini maneno ya mtoto wa miaka kumi mwenye muwa mdomoni na nikaacha ya mama yangu mzazi kijiweni. Mjinga mimi! Mjinga wa kutupwa! Kwa sababu kwa mkunga nilifurahi na kwa mwalimu nilifurahi na kwa kipofu nilipewa karanga, na furaha haiachi kovu, basi nikakumbuka mlango mmoja tu, ule ulionichoma... Nani anapeleka kodi kwa mwenye nyumba baada ya kuwapa kwanza mpangaji na kipofu na mtu wanayenuniana naye? Nani anamlipa mwenye mali kwa samaki aliyebaki, wa chini ya kapu, ambaye mkunga alimkataa kwa sababu ya miiba? Perege! Bwana Mkubwa alipata perege kila mwaka na hakujua ni mabaki ya watu! Nataka kucheka, hapa kizimbani nataka kucheka kwa sauti, jikaze, wewe mwanamke, watasema umerukwa na akili.

Karani amepata kalamu. Hakimu anaandika tena, "wa mdai", anaandika "ndiyo au", zimebaki herufi chache, na mimi namwangalia Bwana Mdogo na kwa mara ya kwanza tangu waya ule simchukii, kwa sababu hasemi uongo, maskini, anaamini, aliambiwa na nani kodi, labda mpishi alimtania, labda baba yake alisema hivyo mezani akicheka, akalimeza kama nilivyolimeza mimi, yeye lilimtia kiburi mimi likanitia aibu, na wote wawili tumekuja kuapa juu yake. Alikuwa mmoja wetu na hajui. Alikuwa anausikia mto akilala, kidogo, na kwa hilo tu alipewa samaki, hatukumwuliza hati... Ila sasa nisemeje? Suti ya Kijivu anataka neno moja. Nikisema ndiyo peke yake ataketi chini haraka, sina swali jingine, mheshimiwa, na ndiyo yangu itabaki kwenye karatasi imekaa uchi, na hakimu ataandika kodi kichwani mwake hata kama hakuandika kwa kalamu. Nikianza kueleza ataruka, shahidi ajibu alichoulizwa, ameniruka hivyo mara nne tangu asubuhi, kipofu sitamfikia, hata kwa mwenye mtumbwi sitafika. Lakini wakili wetu alisema, akishamaliza huyo, mimi nina haki ya kukuuliza tena, kufafanua tu, juu ya yale uliyomjibu yeye. Juu ya niliyomjibu yeye tu. Basi lazima mlango uwe ndani ya jibu lenyewe, mdogo, wa samaki kuingia, neno moja zaidi ya ndiyo, ambalo mtu mwenye masikio hawezi kuliacha lipite, na yule binti ana masikio, visigino vimeisha lakini masikio anayo, nilimwona siku ile ya kamba mtoni, ndiye aliyesikia mpima anauliza kiangazi au masika kabla ya wengine. Hajui kitu, hatukumwambia kitu, tumemtia aibu, nitamwomba radhi ngazini, nitamletea samaki hata kama huko anakokaa hausikii mto. Ila ataokota. Naamini ataokota. Na mkunga yuko hapo nyuma, hai, anaweza kupanda kizimbani leo hii na jicho lake moja akasema alikuwa anachagua kambare, na mwenye mtumbwi bado yupo, kazeeka, hatusalimiani vizuri mpaka leo lakini samaki alikula, na mapacha mmoja yupo. Wapo watu. Sikuwa na shahidi hata mmoja nilipopanda hapa, sasa ninao wa kujaza benchi.

Kidole kimeshuka. "Haya, mama," anasema hakimu, ameinua uso, macho yamechoka, hana haraka, "jibu swali," na Mwenyekiti huko anatikisa kichwa sasa bila kujificha, tai imemgeuka, anakaribia kusimama, tulia, mdogo wangu, tulia, ulikuwa umelala, mimi nilikuwa macho... Suti ya Kijivu anasema, "Ndiyo au hapana tu, mama," kwa upole wa mtu aliyeshiba, na nimeachia ubao wa kizimba, mikono imetulia yenyewe, navuta pumzi, na kwa sauti yangu ya sokoni nasema ndiyo, mheshimiwa, tulikuwa tunapeleka, kapu nilibeba mimi, na kwao ndiko tulikokuwa tunamalizia... na hakimu ameinua tena kidole, ngoja niandike, na wakili wetu ameacha kuandika, ananiangalia.